Karatasi ya Mama

Huruma, Eldoret
9 Februari 2025

Shemeji Jacktone,

Nakusalimu nikitumai Mungu amekulinda huko ndani. Sisi huku tu wazima. Mvua haijaanza, na vumbi la Huruma limeingia mpaka kwenye mifuko ya unga. Duka linasonga. Mzee wangu Njenga bado analalamika goti, lakini kazini anaenda.

Marion anaendelea. Masomo ni mengi siku hizi, hata muda wa kukuandikia hana, usichukulie vibaya. Ile karatasi ndogo uliyokunja ukaandika juu "ya Mama" ilishaenda, usiwe na wasiwasi.

Nikuambie jambo jipya. Tangu Desemba najitolea kila Jumamosi na kikundi cha kina mama wa kanisa letu. Tunapeleka uji na maji moto mjini, nyuma ya stendi, kwa watoto wanaolala nje. Tunaosha vidonda, tunakata kucha, na anayetaka kusoma tunamfundisha. Kiongozi wetu anaitwa Brigid, nesi aliyestaafu, mkali wa maneno lakini kwa kidonda mkono wake ni mwepesi. Siku ya kwanza nilisema "chokoraa", akanivuta kando, akaniambia hilo neno niliache nyumbani. Ana sheria ingine: hatumuulizi mtoto jina lake ni nani. Tunamuuliza, "Unataka tukuite nani?" Mimi ndiye naandika kitabu cha majina, na kusema ukweli sheria hiyo hunishinda. Mtu ana jina lake, si alitaje tu.

Kuna kitu kinatusumbua. Wale wadogo kila jibu lao ni Mama. Nani amekupa hii sweta? Mama. Mbona humalizi mkate? Mama alisema tuwekee wengine. Mnalala wapi? Kwa Mama. Tunafikiri kuna mwanamke anawatumia kuomba pesa mjini. Kwetu haji, anajificha. Wewe unajua watoto wa mtaani husema "mathe", lakini huyu wanamwita Mama, na wakimtaja wanapunguza sauti. Nina katoto kamoja, Chelimo, kana kama miaka sita, naosha mguu wake kila wiki, na hata yeye nikimbembeleza aje aniambie Mama ako wapi, anafunga mdomo. Siku nitakayokutana na huyo mwanamke, atanijua.

Basi kaa salama.

Ni mimi shemeji yako,
Wangari

*

Gerezani, Naivasha
2 Machi 2025

Shemeji Wangari,

Pokea salamu nyingi. Afya yangu ni nzuri. Wamenihamisha kutoka shambani hadi karakana ya mbao, natengeneza viti. Msalimie Njenga, mwambie goti ni la kukandwa na maji ya chumvi.

Barua yako nimeisoma mara tano. Afisa anayezipitia barua zetu ameisoma pia, jana aliniuliza kama yule mwanamke alipatikana.

Nashukuru kwa kazi unayofanya. Lakini nitasema kilicho moyoni. Umeandika ukurasa mzima juu ya watoto wa watu, na mistari miwili juu ya mtoto wangu. Ako darasa gani sasa? Jino la mbele lilimea? Bado anaogopa ng'ombe? Mimi huku siwezi kuona chochote isipokuwa kile unachoandika, kwa hivyo usininyime.

Kuhusu karatasi ya Mama, asante. Alipoisoma alisema nini? Kama hakusema kitu, aliikunja aje? Niambie hata hilo tu. Nimeandika ingine, iko ndani ya hii bahasha.

Nitatoka Aprili mwaka ujao, Mungu akipenda. Nahesabu.

Wako,
Jacktone

*

Huruma, Eldoret
11 Mei 2025

Shemeji Jacktone,

Salamu zangu zimechelewa na ninajua. Barua yako imekaa miezi miwili kwenye droo ya duka, na kila nikifungua droo kumpa mtu chenji naiona. Njenga mzima. Mvua imekuja, mahindi ya watu yamefika magotini.

Shemeji, Marion hayuko. Aliondoka Alhamisi, tarehe kumi na saba Oktoba mwaka jana, akiwa na sare ya shule. Niliripoti polisi siku hiyo hiyo, nikaenda kwa afisa wa watoto, nikazunguka makanisa na mahospitali. Nilipoambiwa alionekana mjini na watoto wa barabarani ndipo nikajiunga na kina Brigid. Nilikuambia najitolea. Nilikuwa namtafuta.

Nimejaza kitabu majina mia moja na sita. Kila mtoto nikimaliza kumwandika namuuliza, "Unamjua Marion Ciru?" na kila mmoja anatikisa kichwa. Brigid amenigombeza mara mbili, anasema nawatia watoto woga kama karani wa korti. Lakini sasa najikuta pia siwezi kukosa Jumamosi. Chelimo asiponiona anakataa kuoshwa na mtu mwingine.

Usiniulize kwa nini Marion aliondoka. Watoto hukasirika tu.

Kuhusu karatasi ya Mama, si mimi niliyemkabidhi mkononi. Nilimpa George, fundi viatu jirani yangu, kwa vile naye ni mtu wa Ugunja kama wewe, amfikishie mama yako huko nyumbani. Bado hajarudi. Hii ya pili naiweka mpaka safari yake ingine.

Na yule mwanamke siku zake zimefika. Nimeandika barua ya kikundi kwa afisa wa watoto, kwa mkono wangu, kuomba huyo anayeitwa Mama atafutwe na ashikwe. Brigid alisita, anasema hatujamwona hata siku moja. Nikamjibu kwamba mtu anayekaa na watoto wa wenyewe bila kuwarudisha kwao ni mwizi tu. Nilisema hivyo nikifikiria Marion. Barua inaenda kesho.

Nisamehe, hata kama ni polepole.

Wangari

*

Gerezani, Naivasha
20 Mei 2025

Shemeji Wangari,

Barua imefika leo na ninaijibu leo. Salamu utazipata siku ingine.

Marion Ciru ni nani? Mimi sina mtoto wa jina hilo. Wangu anaitwa Marion Awuor. Awuor ni mama yangu mzazi, na mama yangu tulimzika Ugunja mwaka wa 2012, miaka miwili kabla mtoto azaliwe. Yule mzee aliyelia sana kwenye mazishi ya dada yako Ciru, uliyemshika mkono ukidhani ni mama yangu, ni shangazi yangu. Hiyo karatasi haikuwa ya kwenda Ugunja. Ilikuwa ya kwenda chumba cha pili hapo kwako.

Kwetu, ukimpa mtoto jina la mama yako, huyo sasa ni mama yako. Sikuwahi kumwita Marion hata siku moja. Nilimwita Mama. Ciru alimwita Mama. Majirani wote walimwita Mama. Naye aliniita Jacktone, hivyo tu, kama mzazi anavyomwita kijana wake. "Jacktone, umenawa mikono? Jacktone, leo utarudi saa ngapi?" Ciru alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Wewe hukuyajua haya kwa sababu miaka yote tisa niliyoishi na Ciru hukukanyaga kwetu. Sikulaumu, nakueleza tu kwa nini hukujua.

Sasa isome tena ile barua yako ya kwanza. Sijui kama uliweka nakala, kwa hivyo nakukumbusha: sweta aliyopewa mwingine. Mkate wa kuwekea wengine. Unafikiri huyo ni mwanamke gani? Nimemsimulia huyo mtoto habari za bibi yake tangu akiwa mgongoni, kwamba hakuna mtoto aliyepita mlango wake bila kuonja chakula. Alikuwa ananifanya nirudie.

Ana miaka kumi, Wangari.

Hiyo barua ya afisa, irudishe. Kama imeshaenda, ikimbilie.

Jacktone

*

Huruma, Eldoret
22 Juni 2025

Shemeji Jacktone,

Barua yako ya tarehe ishirini Mei imenifikia Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na tisa. Sijui ilikuwa inazunguka wapi. Niliisomea dukani nimesimama, mteja akisubiri sukari, na nilipomaliza nilikaa chini kwenye gunia. Mteja alijipimia mwenyewe.

Nitakuambia yote sasa, mpangilio utanisamehe.

Afisa wa watoto alikuja mjini baada ya barua yetu. Hakuja na askari, alikuja polepole na mama mwenzake, akauliza maswali kwa upole. Hakufanya kosa. Lakini mmoja wetu alikuwa ameshawatisha watoto kabla hajafika. Jumamosi ile, nikifunga mguu wa Chelimo, aliniuliza, "Kwani mtamfanya Mama nini?" Nikamjibu, "Atapelekwa mahali hatawaona tena." Huyo mmoja ni mimi. Jumamosi iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja. Tulirudi na ndoo ya uji imejaa. Wakubwa wamerudi kidogo kidogo, ila wale wadogo wa Mama hawajaonekana, wala Chelimo, na kidonda chake kilikuwa hakijafunga.

Nimekuwa namtafuta mtoto wako kwa jina nililompa mimi, na nikamfukuza kwa jina ulilompa wewe.

Nilikuambia usiniulize kwa nini aliondoka. Nilimwandikisha shule kwa jina la dada yangu. Nilitaka kusikia mtu akiitwa Ciru tena ndani ya nyumba yangu. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilitaka jina lenu litoke. Kwetu nyumbani walisema dada yangu aliolewa mbali akafia mbali, nami nikaamini hivyo, ingawa mlikuwa mji huu huu, ukamuuguza mpaka mwisho na mimi sikuja. Hilo pia sikuwahi kukuambia.

Kila asubuhi niliita Ciru na hakuitika. Siku ile nilimuuliza ana masikio ya nini. Akaniangalia akaniambia, "Ciru alikufa. Mimi ni Mama." Mimi nikasikia matusi. Nilidhani anasema yeye ndiye mama wa nyumba hii na mimi ni nani. Nikamwambia kama hataki jina la nyumba yangu aende akaishi na chokoraa. Hakulia. Alivaa viatu, akafunga kamba moja moja, akatoka. Nilidhani ameenda shule.

Na kitu cha mwisho. Sikumwambia uko gerezani. Nilimwambia umesafiri na lori, utarudi. Kila wiki aliniuliza safari gani hiyo haiishi.

Brigid nimemwambia yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Sasa unajua kwa nini hatuulizi jina."

Sijui kama unaweza kunisamehe. Nauliza kwa sababu siwezi kuacha kuuliza.

Wangari

*

Gerezani, Naivasha
13 Julai 2025

Shemeji Wangari,

Msalimie Njenga.

Umeniuliza swali kule mwisho. Sitalijibu kwa karatasi. Nitakuambia tu hivi: wale watu watatu waliokufa mbele ya lori langu, nimewaandikia jamaa zao mara nne tangu niingie hapa. Hawajajibu, na sina haki ya kuwaharakisha. Kwa hivyo najua unavyokaa ukingoja.

Sasa sikiliza. Kama ulimwambia nimesafiri na lori, basi anangoja mahali malori yanaposimama. Shule zikifungwa, Ciru alikuwa anapanda nami asubuhi na Mama katikati, mpaka Cheptiret. Hapo tunakunywa chai, naendelea na safari, wao wanarudi Eldoret. Kuna hoteli yenye mabati ya kijani, inatazamana na uwanja wa malori. Safari zangu zote, kwa yule mtoto, zilianzia hapo. Ni hapo pia zilipoishia, lakini hilo yeye hajui.

Kitu kimoja nakuomba. Akikuona asikimbie. Usimfuate. Fanyeni hivyo mnavyofanya mjini, na uji wenu na kitabu chenu, halafu mkae.

Nashindwa kulala lakini nakula.

Jacktone

*

Huruma, Eldoret
5 Oktoba 2025

Shemeji Jacktone,

Leo naanza na salamu, kwa sababu leo nina nguvu ya kusalimu. Njenga anakusalimu, goti limepoa, chumvi yako imesaidia. Mahindi yanavunwa, barabarani ni matrekta matupu. Natumai viti vyako vinapata wa kuvikalia.

Ile hoteli tuliipata. Mabati yamepakwa rangi ya bluu, lakini mwenyewe alikumbuka dereva aliyekuwa anakuja na mke na katoto kanakomwamrisha baba yake kunawa mikono. Alituruhusu kuweka benchi upande wa uwanja. Tulianza Jumamosi ya tarehe tisa Agosti, mimi na Brigid, ndoo moja, beseni moja, na kitabu. Wiki ya kwanza walikuja watoto wawili wa pale pale. Ya pili wanne. Madereva walituambia kuna msichana huzunguka akiuliza kila lori linaloegeshwa, "Unamjua Jacktone?" Wengine walimfukuza, wengine walimpa chai.

Wiki ya sita, tarehe kumi na tatu Septemba, Chelimo alikuja peke yake akichechemea. Alisimama mbele yangu akatoa mguu bila kusema. Nikaosha. Kidonda kilikuwa kimefungwa na kitambaa safi, kimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Nilipoinua macho nilimwona amesimama kando ya gurudumu la trela, amevaa koti la mtu mzima, na wadogo wawili nyuma yake. Alikuwa ananiangalia nashika mguu wa Chelimo.

Magoti yangu yalitaka kusimama. Nikakumbuka maneno yako, nikakaa. Brigid alichota uji kama vile hajaona kitu.

Nilidhani hatakuja. Alikuja. Alisimama mbali kidogo na benchi, mahali mkono wangu haufiki. Nikafungua kitabu. Nikamuuliza, "Unataka tukuite nani?"

Akasema, "Si unajua."

"Nilijua lingine. Hilo nimelifuta."

Akaangalia kitabu. Kisha akasema, "Andika Mama."

Nikaandika. Herufi si nzuri, lakini nimeandika. Halafu nikatoa zile karatasi zako mbili. Ya kwanza George alikuwa amenirudishia mwezi wa saba, alisema kule Ugunja walimwambia mwenye barua yuko kaburini na wakamcheka sana. Nilikuwa nazibeba kwenye mkoba kila Jumamosi. Alizisoma amesimama. Uliniuliza siku ile alisema nini, aliikunja aje. Hakusema kitu. Aliikunja mara nne mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akaiweka ndani ya soksi. Ya pili hivyo hivyo, soksi ingine.

Kisha akaniuliza, "Gereza ni wapi?" kwa sababu wewe uliandika neno hilo na mimi sikuwahi. Nikamwambia yote, hata ajali, hata kwamba ilitokea karibu na hapo tulipo. Nilimwambia nilimdanganya. Nilimwomba msamaha kwa lile neno, na nikalitaja, kwa sababu Brigid alisema nisiombe msamaha wa kitu nisichokitaja. Alisikiliza. Alisema, "Kwa hivyo hakuniacha." Nikamwambia hapana. Nililia pale mbele ya madereva, na yeye akampa Chelimo kikombe chake.

Hakuja nyumbani siku ile, na sikumvuta. Alisema hawezi kuwaacha wale watatu. Afisa wa watoto amesaidia, wote wanne wako kwa Brigid kwa kibali, vitanda viwili kwenye chumba chake cha wageni. Wawili jamaa zao wamepatikana, wanatembelewa kwanza kabla ya kurudishwa. Chelimo bado hatujui ni wa nani. Mama anasema ni wake.

Kwangu anakuja Jumapili mchana. Wiki ya kwanza alikaa mlangoni. Ya pili aliingia mpaka dukani. Leo alikula chapati mbili, akamwekea Chelimo ya tatu ndani ya koti. Namwita Mama na anaitika. Shule tumebadilisha, sasa ni Marion Awuor, nilienda mwenyewe na cheti chake cha kuzaliwa. Jino limemea. Ng'ombe bado anaogopa.

Jumamosi naendelea, mjini na Cheptiret. Sheria ya Brigid hainishindi tena.

Nilipomaliza kuandika hapa juu nilimsomea yote, nisije nikaficha tena. Nikamuuliza kama anataka kuongeza neno lake kwa baba yake. Akashika kiuno, akasema niandike hivi hivi bila kubadilisha:

"Mwambie Jacktone mama yake amepatikana. Na anawe mikono."

Wangari